Moa ya kukalia imegoma kuwaka: mwongozo kamili kabla hujanunua betri nyingine

Huku Marekani, kila ikifika mwezi wa nne simu yangu haitulii. Barafu imeisha, majani yamefika magotini, wengine jiji limeshawatumia barua ya onyo, mtu anaivuta moa, mashine yake ya kukatia majani, kutoka gereji ilikolala tangu Novemba, anazungusha ufunguo, kimya. Kinachofuata nakijua kwa moyo: anaenda kununua betri. Anafunga, kimya vilevile. Anarudi kununua solenoidi (swichi nene inayopeleka umeme kwenye stata), afu stata (mota inayoizungusha injini), na mwisho ndo ananipigia akiwa ameshatumia hela ya kutosha kumlipa jirani amkatie majani msimu mzima.

Kwa hiyo naandika mara moja, nikipigiwa nitume hii. Ni kwa moa za kukalia za petroli zinazowashwa kwa ufunguo, ziwe za usukani au zile zinazoongozwa kwa mikono miwili ya chuma badala ya usukani. Fuata mpangilio. Ukiruka hatua utarudi ulipoanzia, nimeshaona sana.

## Andaa hivi kwanza

- Maltimita, kile kipima umeme. Ile ya bei rahisi kabisa inatosha.
- Chaja ya betri ya volti 12, isizidi ampea 10.
- Brashi ya waya au kipande cha msasa.
- Spana na soketi (moa za Marekani nyingi zina nati za inchi, hasa 1/2 na 7/16), soketi ya plagi, bisibisi.
- Kifaa cha kupima moto wa plagi (ile cheche inayowasha petroli), kile chenye kitaa kidogo katikati.
- Petroli mpya, nusu lita hivi, kwenye kidumu chake.
- Fyuzi za akiba, glavu, miwani, na simu yako ya kupigia picha kila waya kabla hujaugusa.

Sasa itoe moa nje. Siyo mlangoni, nje kabisa. Gereji nyingi huku zina hita ya maji ya gesi yenye kamoto kanakowaka muda wote, na mvuke wa petroli unatambaa chini sakafuni mpaka ukafike pale. Iweke sehemu tambarare, funga breki ya kuegesha, visu vizimwe, ufunguo mfukoni.

## Hatua ya 1: Sikiliza, usiguse kitu

Kaa kwenye kiti, kanyaga breki mpaka mwisho, hakikisha kitufe cha visu kimezimwa, zungusha ufunguo. Zungusha mara moja tu, usirudierudie kama unachokonoa kufuli. Utasikia kimoja kati ya hivi:

Kimya kabisa. Betri imekufa kabisa, fyuzi imeungua au swichi ya usalama imekata. Nenda hatua ya 2, 3 na 4.

Ta-ta-ta-ta-ta ya harakaharaka. Betri haina nguvu au vichwa vyake, pale waya zinapofungwa, vina kutu. Hatua ya 2, na mara nyingi unaishia hapohapo.

Tak! moja nzito, halafu basi. Solenoidi, stata, au injini imekwama. Anza hatua ya 2, afu hatua ya 4 na 5.

Inazunguka nusu, inagonga ukuta, inasimama. Kila mtu anadhani ni betri. Mara nyingi siyo. Hatua ya 5.

Inazunguka vizuri tu ila haishiki. Betri yako nzima, iache ipumzike. Ruka mpaka hatua ya 6.

Hii hatua haikugharimu hata senti, na ndo wanayoiruka wote wanaonipigia simu. Nikiuliza "inalia vipi?" naambiwa "haiwaki". Ndio ndugu yangu, haiwaki, ila inalia vipi?

## Hatua ya 2: Betri na vichwa vyake

Weka maltimita kwenye volti za DC, pini nyekundu kwenye kichwa cha chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa 12.4 inaweza kusukuma, kama 12.0 kushuka chini imeisha, ichaji kwanza kabla hujafanya kipimo kingine chochote, maana vipimo vyote vya mbele vinategemea betri iliyoshiba.

Kusoma 12.6 peke yake hakutoshi. Mwambie mtu azungushe ufunguo wewe ukiangalia maltimita. Ikishuka mpaka chini ya 9.6 hivi wakati stata inavuta, betri imechoka ndani hata kama ilikuwa inaonekana nzima. Ikibaki 12 na kitu bila kutikisika, betri haivutwi kabisa, yaani tatizo liko mbele yake.

Halafu vichwa. Ukiona ule unga wa kijani au mweupe, fungua waya mweusi kwanza ndo ufuate mwekundu, sugua mpaka chuma king'ae, rudisha mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Sababu ya mpangilio huu: ukianza na mwekundu na spana ikagusa bodi, unapiga shoti betri nzima mkononi mwako. Fuata pia ule waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye chasi au injini, ile bolti ya ethi (inayoshikisha waya mweusi kwenye chuma) inashika kutu na hakuna anayeiangalia. Ukimaliza, shika waya utikise. Usicheze hata kidogo.

Ukitaka kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari, gari liwe limezimwa. Nyekundu kwenye chanya ya moa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya gari, nyeusi kwenye hasi ya gari, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya moa mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi na cheche ya mwisho hutaki itokee juu yake.

Na ukithibitisha kweli betri imekufa, angalia kabla ya kununua: betri nyingi za moa ni saizi ya U1, na zipo U1L na U1R. Tofauti ni chanya iko kushoto au kulia. Ukichukua isiyo yako, waya haufiki.

Umefaulu ukiona: volti 12.6 ikiwa imetulia, haishuki chini ya 9.6 ikivutwa, vichwa vinang'aa.

## Hatua ya 3: Swichi za usalama, mchawi mkubwa

Hapa nakaa kidogo maana ndipo watu wanapopotezea hela.

Moa ya kukalia imetengenezwa isiwake kirahisi. Kuna swichi kwenye breki, swichi kwenye kitufe cha visu, swichi chini ya kiti, na zile za mikono miwili zina swichi zinazotaka mikono ifunguliwe nje kabisa. Umeme wa kwenda kwenye stata unapita kwenye hizo kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akiiangusha maji hayafiki. Na stata haikwambii nani kaangusha. Kimya tu.

Kuna mzee mmoja wa kanisani kwetu, Mkongo, alinunua betri mbili kwa wiki mbili. Nilipofika nikainua kiti, tukakuta panya kajenga. Siyo kidogo, kajenga kweli: sponji ya kiti imechanwachanwa laini kama pamba, maganda ya karanga pembeni, na ile waya ya swichi ya kiti imeguguna mpaka shaba inaonekana, upande mmoja umekatika. Kipande cha waya na tepu, dakika kumi, ikawaka. Mzee alikaa chini kwenye ngazi akaniangalia bila kusema kitu.

Kwa hiyo fanya hivi:

Kwanza bila kifaa. Kanyaga breki kwa nguvu kuliko kawaida ukizungusha ufunguo, wakati mwingine kanyagio limelegea haligusi swichi. Washa na zima kitufe cha visu mara kumi hivi. Sogea sogea kwenye kiti. Ikiwaka kwa mojawapo, umeshampata.

Kisha kwa macho. Inua kiti, fungua boneti, fuata waya kwa tochi. Tafuta kiota, waya uliotafunwa, soketi iliyochomoka.

Kisha kwa maltimita. Chomoa ufunguo, chomoa soketi ya swichi moja, weka maltimita kwenye ile alama ya mlio (inalia umeme ukiwa na njia ya kupita), gusa pini mbili, bonyeza swichi na uachie. Lazima hali ibadilike: ilie afu inyamaze, au inyamaze afu ilie. Isiyobadilika imekufa. Nenda moja moja.

Onyo: kuna watu wanakufundisha kuunganisha waya moja kwa moja kuikwepa swichi. Kwa dakika mbili za kupima, sawa. Kuiacha hivyo, hapana. Swichi ya kiti ndo inayozima injini na visu ukidondoka kwenye mteremko, na wanaopita na moa wakiwa na watoto uani wanajua naongelea nini.

Umefaulu ukiona: kila swichi inabadilika ukiibonyeza, na hakuna waya ulio uchi.

## Hatua ya 4: Fyuzi na solenoidi

Fyuzi iko karibu na betri au nyuma ya dashibodi, ya ampea 15 au 20 mara nyingi. Ikiungua weka ya namba ileile. Ikiungua tena palepale, una shoti mahali, usiongeze ukubwa wa fyuzi, utachoma waya zote.

Solenoidi ni kile kikopo kidogo chenye bolti mbili nene na waya mwembamba mmoja au miwili. Kuna kipimo kimoja hapa kinaligawa tatizo zima vipande viwili, kipende hiki kipimo. Gusa pini nyekundu kwenye waya mwembamba, nyeusi kwenye hasi ya betri, mtu azungushe ufunguo akiwa amekaa na amekanyaga breki. Kama waya nyembamba ziko mbili, mmojawapo ni ethi, kwa hiyo jaribu zote.

- Ukisoma karibu na 12: ufunguo, fyuzi na swichi zote ni nzima. Mgonjwa ni solenoidi, stata, au ethi.
- Ukisoma sifuri: tatizo liko nyuma. Rudi hatua ya 3, na swichi ya ufunguo pia iangalie.

Ukishapata 12 hapo, hamishia pini nyekundu kwenye bolti nene inayokwenda kwenye stata. Zungusha. Imelia tak na hapa hamna kitu, solenoidi imekufa, badilisha. Hapa umeme upo wa kutosha na stata haizunguki, basi ni stata au injini imekwama.

Wapo wanaokwambia unganisha bolti mbili nene kwa bisibisi. Inafanya kazi, ila inaruka swichi zote za usalama, na kama iko kwenye gia moa itakupanda wewe uliyesimama mbele yake.

## Hatua ya 5: Inazunguka nusu halafu inagoma

Hii imenila mimi mwenyewe. Moa yangu ya kwanza ilikuwa inafanya nguuu… tak, inasimama, nikijaribu tena inapita. Nikanunua betri. Nikanunua stata. Ikaendelea vilevile, na shida ilikuwa valvu.

Iko hivi. Injini hizi za silinda moja zina ujanja ndani: wakati wa kuwasha valvu inafunguka kidogo ili kupunguza mgandamizo, stata ndogo iweze kuzungusha. Valvu zikishalegea kwa miaka, ule mfunguko mdogo haupo tena, stata inakutana na mgandamizo wote, inashindwa. Betri mpya yenye nguvu inaweza kuuficha ugonjwa wiki moja mbili, ndo maana watu wanaapa ilikuwa betri.

Kwanza ondoa sababu nyingine. Toa plagi, zungusha kwa mkono kwenye flaiwili (lile gurudumu zito la injini), ufunguo ukiwa mfukoni. Isipozunguka kabisa hata bila plagi, injini imekwama, hapo ni fundi. Pima oili pia. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, kabureta (inayochanganya petroli na hewa) imevujisha mafuta mpaka ndani ya silinda, na pistoni haiwezi kugandamiza kimiminika. Hapo waya wa plagi uweke mbali na tundu, ushikishe kwenye chuma, zungusha stata, petroli itaruka kama bomba kwa hiyo kaa pembeni na kusiwe na moto popote. Kisha mwaga oili yote weka mpya na rekebisha kabureta, la sivyo kesho itakuwa hivyohivyo.

Kama oili iko sawa, seti valvu. Fungua kifuniko cha valvu, leta pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, halafu ipitishe kidogo ishuke kama robo inchi, ndo pale kile kiujanja hakigusi valvu. Pima nafasi ya valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Injini nyingi za silinda moja za kampuni ya Briggs & Stratton zenye valvu juu zinataka inchi 0.003 mpaka 0.005 upande wa kuingiza na 0.005 mpaka 0.007 upande wa kutoa moshi, ila soma namba ya modeli kwenye injini yako uhakikishe. Legeza nati, zungusha skrubu mpaka fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kaza, pima tena kwa sababu ukikaza inasogea.

Umefaulu ukiona: stata inazungusha bila kugonga, mlio ni mmoja tu ulionyooka.

## Hatua ya 6: Inazunguka ila haishiki, je ni mafuta au ni moto?

Usifungue kabureta bado. Toa filta ya hewa, mimina nusu kijiko cha chai cha petroli mpya kwenye koo la kabureta, rudisha filta na kifuniko chake, ndo uzungushe. Kurudisha siyo mapambo, injini ikikohoa inarudisha moto juu na wewe uso wako uko palepale.

Ikiwaka sekunde mbili tatu ikafa: moto upo, mafuta hayafiki. Hatua ya 7.

Isipowaka hata kukohoa: hatua ya 8.

## Hatua ya 7: Mafuta hayafiki

Kama petroli ni ile ya mwaka jana, imwage. Petroli ya vituoni huku nyingi ina ethanoli (aina ya pombe) mpaka asilimia 10, inavuta unyevu, na watengeneza injini wenyewe wanasema inaanza kuharibika baada ya siku 30. Yako imekaa miezi mitano. Nusa, ukiona inanuka kama rangi ya zamani hamna mjadala. Usiimwage kwenye mtaro, ipeleke panapopokelewa taka za sumu.

Baada ya hapo fuata njia ya mafuta kutoka tenki. Koki imefunguliwa? Kifuniko cha tenki kinapumua? Kilegeze ujaribu, tundu lake likiziba tenki inavuta utupu na mafuta yanagoma kushuka. Chomoa mpira kwenye filta, weka chupa, ona kama yanatoka. Filta ina mshale, uelekee kwenye injini.

Chini ya kabureta nyingi kuna kidude chenye waya. Zungusha ufunguo kwenye ON tu bila kuwasha, kisikike tik. Kisipolia, hakifungui mafuta. Pima waya wake kwanza, ukiwa na volti 12 hapo ndo unabadilisha.

Kikilia na bado hamna mafuta, sasa fungua bakuli la kabureta. Piga picha. Ukikuta ute wa kijani au kahawia, safisha kwa dawa ya kabureta na uzibue jeti (kitundu kinachopitisha mafuta) kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie drili wala sindano ngumu, ukilipanua lile tundu injini itakunywa mafuta milele.

## Hatua ya 8: Moto wa plagi

Chomoa waya wa plagi, unganisha kile kifaa cha kupimia katikati, zungusha. Kitaa kiwake na kuzima kwa mpigo. Kama hakiwaki, weka plagi mpya kwanza, pengo ni inchi 0.030 kwa injini nyingi, ni kitu cha bei ndogo.

Bado? Koili ya moto, inayotengeneza cheche ya plagi, ina kawaya kembamba kanakoizima, na kanapita kwenye ufunguo na swichi zilezile za hatua ya 3. Kachomoe ujaribu tena. Moto ukirudi, koili ni nzima na waya umegusa chuma mahali. Moto usiporudi, koili imekufa. Jua tu kwamba kakiwa kamechomolewa ufunguo hauzimi injini, itabidi ufunge koki au uvute choki (inayoziba hewa ya kabureta).

Na kama moto upo, mafuta yapo, ila inakohoa na kupiga mateke: kumbuka mara ya mwisho uligonga kisiki? Kuna kipande kidogo cha chuma laini kinachoshikilia flaiwili, kikikatika moto unapiga kwa wakati usio wake. Hapo flaiwili inafunguliwa.

## Ikishawaka

Usikimbilie majani. Ongeza kasi, pima betri injini ikiwa inaunguruma: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji, na wiki ijayo utakuwa hapahapa.

Kisha rudisha kila ulichochomoa, na ujaribu hivi ukiwa mahali pa wazi: washa, washa visu, inuka kidogo kwenye kiti bila kushuka. Injini lazima ife pale pale. Isipokufa, kuna waya umeuacha umeunganishwa kule chini ya kiti, rudi ukautoe kabla hujaanza kukata.